Yatima wa Mtoni: Habari za Fisi Maji

1. Mito ya njia ya misafara

Zamani njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo, pwani, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe penye mji wa Tabora, kisha ikaendelea magharibi mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Urefu wake ulikuwa kadiri ya kilometa 1,200. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliosifiwa kote kwa nguvu na uvumilivu, walishuka pwani na meno ya tembo, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Watumwa wengi nao waliswagwa katika njia hiyo hiyo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, misafara ya miguu ilikoma. Lakini mito waliyoivuka wapagazi ingali ikitiririka.

Mtu atokaye Tabora kwenda Ujiji hupita kwanza katika misitu ya miombo, kisha nchi huteremka polepole, na mbele yake huwa mabwawa mapana yenye matete na mafunjo. Hapo ndipo maji ya Mto Ugalla yanapokutana na maji ya Malagarasi. Mto Malagarasi una urefu wa kadiri ya kilometa 475, na mwisho wake humwaga katika Ziwa Tanganyika. Katika kivuko chake misafara ililipa hongo kwa wakubwa wa Uvinza ili ipate mitumbwi ya kuvukia. H. M. Stanley alipovuka hapo mwaka 1871, akimtafuta Dk. Livingstone, punda wake mmoja alikamatwa na mamba katikati ya mto mbele ya macho ya watu wote, asionekane tena.

Siku hizi nchi hiyo ya majimaji yajulikana duniani. Mwaka 2000 mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, yenye eneo la kilometa za mraba 32,500, yaliandikwa katika orodha ya mapatano ya Ramsar, ambayo kwayo mataifa yaliahidiana kuzitunza nchi za majimaji. Tena mwaka 2019 sehemu ya nchi ya Ugalla ilifanywa kuwa hifadhi ya taifa. Watu wengi humkumbuka kiboko, mamba na korongo wanapoyataja maji hayo. Wachache humkumbuka mnyama mwingine aishiye humo kwa siri, naye ni fisi maji.

2. Fisi maji ni mnyama wa namna gani

Jina lake ladanganya, maana si fisi wala hana udugu na fisi. Jamaa zake ni nyegere na kicheche. Mwili wake ni mrefu na mwembamba, miguu yake ni mifupi, na mkia wake ni mnene kwenye shina na mwembamba kwenye ncha. Akiogelea husukuma maji kwa mkia na miguu ya nyuma, naye hugeuka upesi kama samaki mwenyewe. Ndevu zake ngumu humsaidia kutambua windo lake hata katika maji yenye tope.

Katika Tanzania ziko aina mbili. Ya kwanza ni fisi maji mkubwa asiye na makucha. Uzito wake huwa kadiri ya kilo 10 mpaka 18, na pengine huzidi. Vidole vyake vya mbele ni kama vya mtu, navyo huvitumia kupapasa chini ya mawe na ndani ya matope akitafuta kaa. Kaa ndio chakula chake apendacho kuliko vyote, lakini hula pia vyura na samaki. Aina ya pili ni ndogo, kilo 3 mpaka 6 tu, nayo ina makucha, na ngozi kati ya vidole kama ya bata. Shingoni ina madoa meupe au ya rangi ya maziwa. Huyu hupenda maji maangavu, na hula samaki wadogo hasa. Anaonekana katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria, na Kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Viktoria chasifiwa kwa ajili yake.

Jike huchukua mimba ya miezi miwili hivi, akazaa watoto wawili, pengine mmoja au watatu, katika tundu la ukingoni au ndani ya matete mazito. Huzaliwa macho yamefumba, hawawezi kuona wala kutembea. Jambo la ajabu ni hili: mtoto wa fisi maji hazaliwi hali ajua kuogelea. Manyoya yake ya kwanza hulowa upesi, naye akitupwa katika kina kirefu hufa kwa baridi au kwa kuzama. Mama yake humfundisha, akimtia majini kidogo kidogo, mwanzoni kwa kumlazimisha. Kisha humletea samaki aliye hai, akamwachia mbele yake, akaangalia kama ataweza kumkamata. Mafundisho hayo huchukua karibu mwaka mzima. Kwa hiyo mtoto aliyepoteza mama amepoteza maziwa na joto, na tena amepoteza mwalimu wake.

3. Jinsi mtoto anavyopata kuwa yatima

Mamba, chatu na tai humwinda fisi maji, lakini hasara kubwa hutoka kwa mwanadamu. Mvuvi hutega migono yake jioni, na samaki huingia ndani. Jike anyonyeshaye, mwenye njaa kuliko siku zote, huwafuata samaki wale, akaingia asiweze kutoka. Fisi maji hupumua hewa kama mbwa au mbuzi, hawezi kukaa chini ya maji ila kwa dakika chache. Asubuhi mvuvi hukuta mzoga mgononi mwake. Nyavu nyembamba za nailoni nazo humfunga vivyo hivyo.

Pengine kifo si cha bahati mbaya. Fisi maji hupasua nyavu na kuwala samaki walionaswa, na mvuvi aliyekesha usiku kucha, mwenye watoto wa kulisha, huona amenyang'anywa riziki yake. Hasira yake yaeleweka. Basi humwua mnyama kwa mkuki au humwachilia mbwa, na baada ya siku mbili tatu sauti za miluzi midogo husikika katika matete. Hao ni watoto wanaomwita mama yao.

Lakini si kila mtoto aonekanaye peke yake ni yatima. Mama huwaacha watoto tunduni saa nyingi akienda kuwinda, na pengine huwahamisha mmoja mmoja kutoka tundu hili kwenda lile. Mtu apitaye akimwokota mtoto wa namna hiyo hakumwokoa, bali amemwiba. Yafaa kwanza asimame mbali, upande ambao upepo hauchukui harufu yake mpaka tunduni, naye angoje saa kadha wa kadha akiangalia. Ikiwa mama yu hai, atarudi. Ikiwa mtoto amelegea, amepoa, ana jeraha au nzi wamemjaa, au mzoga wa mama umeonekana karibu, hapo ndipo msaada wahitajiwa.

4. Fisi maji wawili waliozoea watu

Wako watu waliowachukua watoto wa fisi maji na kuwalea nyumbani kama paka. Habari zilizojulikana sana ni za Gavin Maxwell, mwandishi wa Uskoti. Mwaka 1956 alisafiri katika mabwawa ya Iraq, ambayo yana matete kama ya Malagarasi, naye akapata huko fisi maji mchanga aliyemwita Mijbil. Alimchukua mpaka Uskoti, akampenda mno. Mnyama yule alicheza naye, alilala kitandani pake, na aliogelea baharini kisha akarudi nyumbani mwenyewe. Lakini Mijbil alikuwa amesahau jambo moja ambalo kila fisi maji wa mwitu alijua, nalo ni kumwogopa mtu. Mwaka 1957 alitembea mbali na nyumbani, akakutana na mtu njiani, na mtu yule akamwua.

Mwaka 1959 Maxwell alipata mwingine, jike aliyeitwa Edal. Huyu alitoka Afrika Magharibi, naye alikuwa wa aina ile ile isiyo na makucha inayoishi katika mito ya Tanzania. Alichukuliwa angali mchanga kabisa, akalelewa kwa chupa, akawa mpole kwa watu wa nyumba. Alipokuwa mkubwa, tabia ya asili yake ilirudi. Siku moja alimshambulia kijana aliyekuwa akimtunza, akamng'ata vidole viwili hata vikaharibika visipone tena. Tangu hapo alifungiwa, maana hakuweza kuaminiwa kati ya watu, wala hakuweza tena kwenda kuishi kama mnyama wa mwitu. Mwaka 1968 nyumba ile iliungua usiku, na Edal akafa motoni.

Hapana mtu awezaye kusema kwamba wanyama hao hawakupendwa. Walipendwa sana, walilishwa vizuri, na kitabu alichokitoa Maxwell mwaka 1960 kiliwafanya watu wengi duniani wawapende fisi maji wote. Hata hivyo, mmoja aliuawa kwa sababu hakuwaogopa watu, na mwingine alifungiwa kwa sababu watu walianza kumwogopa yeye. Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Fisi maji akilelewa kama mtoto wa nyumbani, hawezi kuwa mtoto wa nyumbani, na tena hawezi kuwa fisi maji.

5. Toola wa California

Namna bora ya kulea ilipatikana polepole, na wenye kuipata walikosea kwanza. Katika pwani ya California, Marekani, wako fisi maji wa baharini. Manyoya yao ni mazito kuliko ya mnyama mwingine yeyote, na kwa ajili ya manyoya hayo waliwindwa tangu mwaka 1741 hata wakakaribia kwisha, mpaka mapatano ya mataifa ya mwaka 1911 yalipoukomesha uwindaji huo. Mwaka 1984 nyumba kubwa ya viumbe wa baharini ilifunguliwa katika mji wa Monterey, na watu wake wakaanza kuwaokoa watoto waliotupwa ufukoni na mawimbi.

Mwanzoni watu wenyewe walijifanya mama. Walivaa mavazi ya kuzamia, wakaingia baharini pamoja na watoto, wakawaonyesha jinsi ya kuzamia na kuvunja chaza. Watoto wakakua wenye afya, wakaachwa waende zao. Lakini baadhi yao walirudi kwa watu. Walifuata mitumbwi na waogeleaji, wakapanda juu yao wakitaka chakula, na ikawa lazima kuwakamata tena.

Mwaka 2001 jambo jipya lilitokea. Jike mmoja mgonjwa, aliyeitwa Toola, alikuwa akitunzwa pale, naye akazaa mtoto mfu. Wakati huo huo mtoto yatima aliletwa kutoka ufukoni. Watunzaji wakamtia yatima katika dimbwi la Toola. Toola akamkumbatia, akamweka kifuani, akamlea kama wake. Yeye mwenyewe hakuweza kurudi baharini, kwa kuwa ugonjwa wake ulimtia kifafa na alihitaji dawa kila siku. Lakini mpaka kufa kwake mwaka 2012 aliwalea yatima 13.

Tangu hapo majike mengine yalipewa kazi hiyo. Watu wanapolazimika kumshika mtoto, huvaa joho jeusi, na usoni huweka kinyago kama cha fundi achomeleaye vyuma, ili mtoto asijue umbo la mtu wala asilifungamanishe na chakula. Faida yake ilionekana. Kati ya mwaka 2002 na 2016 watoto 37 waliolelewa hivyo waliachwa katika ghuba ndogo iitwayo Elkhorn Slough, na zaidi ya nusu ya ongezeko la fisi maji wa mahali pale katika miaka hiyo lilitokana na wao na uzao wao.

6. Malezi ya yatima

Hapana kila mahali jike la kulea, kwa hiyo mara nyingi kazi hufanywa na watu. Katika Kisiwa cha Skye, Uskoti, liko shirika lililoanzishwa mwaka 1993 kwa kazi ya kuwaokoa fisi maji. Watu wa kazi hii hufuata utaratibu wenye maana katika kila hatua.

Kwanza ni joto. Mtoto aliyepoa asinyweshwe kitu, maana tumbo lake halifanyi kazi. Huwekwa ndani ya kasha lenye nguo kavu au majani makavu, na kando yake chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Kasha hufunikwa na kuwekwa mahali penye giza na kimya. Kelele na kushikwashikwa humwua mnyama wa mwitu kama vile ugonjwa.

Pili ni maji. Akisha kupata joto hupewa maji safi yaliyochanganywa na sukari na chumvi kidogo, kwa vipimo vya mganga wa wanyama, kwa sababu mwili wake umekauka.

Tatu ni maziwa. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Tena ni mepesi mno, maana maziwa ya fisi maji yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe mara nyingi. Hutumiwa maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa mbwa au paka. Mtoto hulishwa akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali, ili maziwa yasiingie mapafuni. Kila akisha kunyonya hupanguswa chini ya mkia kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, kwa kuwa mchanga hawezi kujisaidia asipoguswa. Mama yake angalimlamba.

Nne ni samaki. Meno yakiota hupewa vipande vya samaki wabichi, kisha samaki wazima na mifupa yao, kisha kaa na vyura walio hai.

Tano ni kuogelea. Huanza katika beseni lenye maji haba, dakika chache tu, kisha hukaushwa vizuri. Fisi maji hana mafuta mazito chini ya ngozi kama nyangumi; joto lake lote lategemea manyoya makavu na safi. Ndiyo sababu hata kizimba chake lazima kiwe na mahali pakavu pa kujisuguzia.

Katika siku hizo zote mtunzaji huwa mmoja au wawili tu. Hawasemi naye, hawamwiti jina, hawachezi naye. Mbwa hawakaribii, ili asiwazoee, na ili asipate magonjwa yao. Wakipatikana yatima wawili, huwekwa pamoja, maana mwenzake atamfundisha kupigana, kucheza na kuwinda, naye hatatafuta urafiki kwa mtu. Kwa mtunzaji hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mtoto hulia miluzi usiku akitaka kubebwa, naye mtunzaji amweka joto, amlisha, kisha aondoka.

7. Kurudishwa majini

Fisi maji wa Skye hukaa katika vizimba mpaka umri wa mwaka mmoja hivi, kama ambavyo wangalikaa na mama yao. Baadaye hutafutwa mahali pa kuwaacha. Pahali pema ni penye samaki na kaa wa kutosha, maficho ukingoni, mitego michache, tena pasiwe na fisi maji wengine wengi watakaompiga mgeni. Kizimba hujengwa kando ya maji. Baada ya siku kadhaa mlango hufunguliwa kimya, na chakula huendelea kuwekwa mahali pale pale. Mnyama hutoka usiku, akarudi, akatoka tena. Chakula hupunguzwa kidogo kidogo. Siku moja samaki aliyewekwa hukutwa pale pale hajaguswa, na hiyo ndiyo furaha ya mtunzaji.

Tanzania nayo ina mfano mkubwa wa wanyama waliorudishwa porini, ingawa si fisi maji. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliletwa katika Kisiwa cha Rubondo kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Walikuwa wamezaliwa misituni Afrika, wakakamatwa wangali wadogo, na wengine walikuwa wamefungwa miaka mingi. Kazi hiyo iliongozwa na Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt. Sokwe walijifunza wenyewe matunda ya kisiwani na kujenga viota, wakazaa, na uzao wao ungali huko. Lakini baadhi ya madume waliozoea kuishi na watu hawakuwaogopa askari wa kisiwani, wakawashambulia, ikawa lazima wapigwe risasi. Hivyo Rubondo lilifundisha mambo mawili pamoja: mnyama aliyetekwa aweza kurudi katika asili yake, na mazoea ya kuishi na watu yaweza kumwangamiza hata akiwa huru.

8. Yawapasayo wakaaji wa kando ya mito

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza mtu kumkamata au kumfuga mnyama wa mwitu bila kibali. Kwa hiyo mtoto wa shule aonaye yatima wa fisi maji huko Ugalla, Malagarasi au ziwani asimpeleke nyumbani kumfuga. Amwambie mzazi au mwalimu, na habari ipelekwe upesi kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Asimshike kwa mikono mitupu. Hata mtoto mdogo hung'ata, na kung'atwa na mnyama wa mwitu kwaweza kuleta kichaa cha mbwa, ugonjwa usiopona ukisha kudhihirika. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Lakini kazi iliyo bora kuliko kuwalea yatima ni kuzuia wasiwe yatima. Katika Uingereza wavuvi wa mikunga hutakiwa kuweka kizuizi katika mdomo wa mtego, wenye tundu ambamo samaki hupita na fisi maji hawezi kupita. Fundi wa migono aweza kufanya vivyo hivyo kwa fito, akaubana mdomo. Kwa njia hiyo mvuvi hupata faida mbili: fisi maji hafi, wala hali samaki waliomo. Mvuvi atazamaye nyavu zake mapema, wala haziachi majini siku nyingi, huokoa samaki wake na wanyama pia. Tena mafunjo na matete ya ukingoni yasipochomwa ovyo, fisi maji hupata mahali pa kuzalia, na samaki wadogo hupata mahali pa kukulia. Fisi maji na mvuvi wote wawili huhitaji kitu kimoja, yaani mto wenye maji safi na samaki wengi. Panapokosekana fisi maji mahali alipokuwapo zamani, yafaa mvuvi ajiulize habari za samaki wake mwenyewe.

Wahenga walisema pia, "Mwacha asili ni mtumwa." Njia ya misafara iliwaona watu wengi waliotolewa katika asili yao kwa nguvu. Anayemsaidia yatima wa mtoni amsaidie hivi: ampe joto, chakula na ulinzi wakati wa udhaifu wake, kisha amrudishie mto wake. Siku mnyama yule atakapomwona mtu na kuzamia majini kwa hofu, ndipo kazi ya wema ule imetimia.

Maana ya maneno

Hongo: ushuru uliotozwa misafara ipitayo katika nchi ya mtu, siku hizi maana yake ni rushwa.
Mgono: mtego wa samaki uliosukwa kwa fito.
Mafunjo: majani marefu yaotayo mabwawani.
Kizimba: chumba kidogo au ua wa kufungia mnyama.
Kifudifudi: kulala tumbo chini, kinyume chake ni chali.

Maswali

1. Njia ya misafara ilitoka wapi ikafika wapi? Ni mambo gani yaliyokomesha misafara ya miguu?
2. Eleza tofauti tatu kati ya aina mbili za fisi maji wa Tanzania.
3. Kwa nini yasemwa kwamba mtoto wa fisi maji akipoteza mama amepoteza mwalimu?
4. Mtu atajuaje kwamba mtoto aliyemwona ni yatima kweli?
5. Mijbil na Edal walipendwa sana. Mapenzi hayo yaliwadhuru namna gani?
6. Kwa nini watunzaji wa California huvaa joho na kinyago?
7. Kwa nini maziwa ya ng'ombe hayafai kwa mtoto wa fisi maji?
8. Mvuvi amwambia mwanawe, "Fisi maji ni mwizi, na auawe." Andika jibu ambalo mwana aweza kumpa baba yake kwa adabu, akionyesha njia ya kulinda samaki na mnyama pamoja.